Chini pakae duka au mtu?

Mtaa wa zamani Mombasa ukibomolewa kupisha magorofa ya nyumba za bei nafuu, kama ilivyokuwa Buxton, lazima iamuliwe ghorofa ya chini ni ya nani.

Wanaotaka maduka wana hoja nzito: kodi yake husaidia kulipia pampu ya maji, taa za ngazi na usafi. Wanaopinga wanauliza wazee na wenye viti vya magurudumu wataishi wapi, ikiwa jengo la ghorofa nne halina lifti. Jibu letu ni kugawa: upande wa barabara maduka, upande wa uani nyumba.

Lakini mgawo huo huharibiwa na vipimo. Duka la mita 60 za mraba hukaa limefungwa shata, na mbele yake muuza viazi karai anakaanga chini ya mwavuli. Yeye anahitaji upana wa mita 3 na kina cha mita 5 tu. Zijengwe nafasi ndogo hizo, ukuta wa katikati usibebe uzito, ili biashara ikikua ubomolewe.

Anayekaanga afikiriwe kabla zege halijamwagwa. Iachwe njia ya moshi inayopenya kila sakafu hadi juu ya paa. Moshi ukitolewa ukutani upande wa kusini, upepo wa kusi huurudisha madirishani. Nje uwekwe mtego wa mafuta, yaani kisima kidogo cha kunasa mafuta ya kupikia yasifike bombani, mfuniko wake ufunguke bila kupitia duka la mtu. Bila mtego, mafuta huganda ndani ya bomba la maji taka la jengo zima, na uchafu hufumukia bafu la chini kabisa, yaani la yule mzee tuliyemtengea nyumba.

Dari ya mita 4 hupunguza joto dukani, tusikatae. Ila ikizidi ya nyumba kwa mita 1, kila mpangaji wa juu ataongezewa vidato sita hivi. Mita 3.3 zatosha, pakiwa na matundu ya hewa juu ya mlango.

Sakafu ikiinuliwa sentimita 30 kukwepa maji ya masika, njia ya kiti cha magurudumu itataka urefu wa mita 3.6, kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Isipochorwa mapema, huja kuwekwa ubao wenye mwinamo mkali ambao hata mkokoteni haupandi. Shata za chuma tupu huliwa na chumvi. Na kila duka liwe na mita yake ya stima: muuza leso hatakubali kulipia friji ya jirani.