Nani atamshikia dada zamu?

Saa tisa usiku, Bremen, Ujerumani, baridi imekaa kwenye vioo. Niko zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, namgeuza bibi mmoja wa miaka themanini na kitu kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia ili asipate vidonda vya kulala. Simu inatetemeka mfukoni. Ni dada yangu aliyeko Muheza, kwetu Tanzania, ambako tayari ni saa kumi na moja alfajiri. Ameniachia sauti ya sekunde chache: "Nimemgeuza mama sasa hivi. Leo kalala vizuri. Mgongo wangu ndiyo umegoma."

Kwa hiyo usiku ule ule, mtu na dada yake, tulikuwa tunafanya kazi ile ile. Ila mimi ninalipwa. Nina mwenzangu upande wa pili wa kitanda, na kitanda chenyewe kinapanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Asubuhi anaingia mtu wa zamu ya mchana, namwambia nani kala na nani kakataa dawa, navaa koti naenda zangu. Dada hana wa kumkabidhi. Tangu mama apate kiharusi, huu mwaka wa tatu, zamu yake haijaisha.

Kuna siku nilimwona kwenye video anavyomgeuza. Ametandika kanga mbili chini ya mama, anakamata pindo, anavuta taratibu kuelekea kwake huku anamsemesha. Nilicheka. Ndivyo tulivyofundishwa darasani huku, isipokuwa huku kitambaa kile kinanunuliwa duka la vifaa vya wagonjwa. Yeye kaligundua mwenyewe, gizani, baada ya kuumia.

Nikienda likizo nyumbani nasikia maneno yale yale barazani: wazungu hawana utu, wazazi wao wanawatupa kwenye majumba. Zamani na mimi nilikuwa naitikia. Sasa siwezi tena, maana nimeshaona hesabu. Mwisho wa 2023 Ujerumani ilikuwa na watu karibu milioni 5.7 wanaohitaji kuhudumiwa, na kati ya kila mia, themanini na sita walikuwa nyumbani kwao, wengi wao wakiuguzwa na mke, mume au binti. Majumba kama la kwetu yanabeba wachache waliobaki. Kwa hiyo mapenzi wanayo kama sisi. Kilichozidi kwao ni kwamba serikali inamtambua anayeuguza kuwa naye ni mtu wa kuhudumiwa.

Wana neno lao, refu kama treni ya mizigo: Verhinderungspflege. Maana yake ni kwamba anayemuuguza ndugu yake akiumwa, akichoka au akitaka tu kusafiri, bima inamlipa mtu mwingine ashike nafasi yake. Tangu Julai 2025 fungu hilo na lile la kumlaza mgonjwa kwa muda kwenye nyumba kama yetu yameunganishwa, hadi euro 3,539 kwa mwaka, kwa muda usiozidi wiki nane. Mbali na hapo kuna posho ya kila mwezi kwa wanaouguzwa na ndugu zao. Kwa hali aliyonayo mama, nadhani angewekwa daraja la nne la uhitaji wa huduma, ambalo kwa 2025 ni euro 800. Na anayeuguza angalau saa kumi kwa wiki, bila kuwa na ajira ya zaidi ya saa thelathini, anachangiwa pensheni. Hiki ndicho kilichoniuma nilipokisoma. Miaka aliyokaa kando ya kitanda cha mzazi wake inahesabiwa kuwa miaka ya kazi.

Mwaka jana kiangazi mama mmoja alimleta baba yake kwetu kwa wiki mbili. Alikuja na sanduku, na karatasi aliyoiandika kwa mkono pande zote mbili: baba anapenda chai ya namna gani, redio ifunguliwe saa ngapi, soksi ipi avalishwe kwanza. Mlangoni alilia. Akarudi siku ya kumi na tano, pua imebabuka kwa jua la pwani, akamchukua baba yake wakaenda nyumbani. Ndiyo mzungu aliyemtupa mzazi huyo.

Fedha hizo hazitoki mbinguni. Ni bima ya lazima, ilianza 1995 baada ya mabishano ya miaka mingi, na mwaka 2025 mchango wake ni asilimia 3.6 ya mshahara, nusu yangu, nusu ya mwajiri, na asiye na mtoto hukatwa zaidi. Naiona kila mwezi kwenye hati ya mshahara. Silalamiki kulipa. Lakini kuna miezi naiangalia ile namba najisemea: hapa nimechangia mapumziko ya binti wa watu, na wa kwetu hajalala.

Sisemi huku ni peponi. Fomu zao zinaweza kukutoa machozi, wako wengi ambao haki hizi hawazijui kabisa, wahudumu hawatoshi (ndiyo maana mimi niko hapa), na wapo wazee wanaopita Krismasi nzima bila kugongewa mlango. Hilo kwa mama halitatokea. Jirani zake wanaingia kutwa, wanapiga soga, wanaleta machungwa. Ila jirani akileta chungwa hamgeuzi mgonjwa saa nane usiku, na hatuwezi kumlaumu.

Sasa turudi nyumbani, tena kwenye maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, kifungu hicho kinataja kufariki tu. Kaka yetu mkubwa, dereva wa kampuni moja Dar es Salaam, aliijua sheria hii kwa njia mbaya. Mama alipolazwa wiki ya kwanza aliomba ruhusa, akajibiwa na ofisi kwamba laiti ungekuwa msiba, siku nne zake zipo. Aliyemjibu hakuwa na ubaya, alikuwa anasoma kilichoandikwa.

Dada yeye hana hata ofisi ya kumnyima ruhusa. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni, ana wateja wake. Kibanda amekirudisha kwa mwenyewe, cherehani iko sebuleni imefunikwa, na binti yake wa kidato cha pili hukosa shule siku ambazo mama yake lazima aende kufuata dawa. Katika ukoo wetu hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivi. Ilijiamulia yenyewe, kama inavyojiamulia kila mahali: mwanamke, asiye na mume, anayekaa karibu. Mimi natuma fedha za dawa na pampasi za wakubwa, basi kwenye vikao nasifiwa kwamba ndiye mtoto mwema. Sifa hizo siku hizi zinanitia aibu.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, haimgusi, kwa sababu mpango ule ni wa kaya maskini, na kaya yenye ndugu Ulaya nani ataiandika? Wengine husema basi tuondoe kodi kwenye pampasi. Sawa, iondolewe, ila tusisahau taulo za kike: VAT ilifutwa 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Na hata pampasi ingekuwa ya bure, bado kuna wa kuibadilisha.

Ninachokitaka mimi ni mikono, kwa saa zinazojulikana. Na mikono hiyo nchi imeshaanza kuiandaa. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Kazi zao ni nyingi: wajawazito, watoto, lishe, kifua kikuu. Naomba waongezewe moja na walipwe kwayo: nyumba yenye mgonjwa wa kitandani iandikishwe, na anayeuguza apate nusu siku mbili kwa wiki za kushikiwa zamu. Saa kumi hivi. Saa kumi zinatosha kwenda kliniki kupima presha yako mwenyewe, ambayo dada hajaipima tangu lini sijui. Halafu kila kituo cha afya kitenge walau kitanda kimoja cha mgonjwa asiyehitaji daktari bali anayehitaji kukaa siku saba ili aliye nyumbani apumue. Kifungu cha 34 nacho kiongezwe neno "kuugua" mbele ya mzazi na mwenzi. Hilo la mwisho ni wino tu.

Nitaambiwa nchi haina fedha. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, sh. 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, bila kumuuliza kama ana mtoto ng'ambo. Jirani zetu Kenya kupitia mpango wao wa Inua Jamii wanatoa shilingi 2,000 zao kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na anayemtunza ndiye anayezipokea. Ni ndogo, najua. Lakini mlezi kashaandikwa jina kwenye daftari la serikali, na kwetu bara hata daftari hilo sijaliona.

Nitaambiwa pia tunaua mila, kwamba mzazi hauguzwi na mtu wa kulipwa. Hao wanaosema hivyo, wengi wao ni wanaume wenzangu, huwa nawauliza mara ya mwisho walimwogesha nani.

Wiki iliyopita nilimuuliza dada, tuseme umepewa hizo siku saba, utafanya nini? Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. "Nitalala," akasema. "Halafu kuna sare ya mtoto wa watu nilishaikata, iko kabatini. Wakati ule alikuwa anaanza darasa la kwanza." Akaanza kucheka. "Sasa yuko la tatu, sijui nitaiongeza kitambaa gani."