Nani Amekutuma Usome Diski Nzima?

Dakika tatu na nusu. Nimezihesabu juzi kwa saa ya simu, nimekaa mbele ya kompyuta ya ofisi moja niliyoitwa kwa sababu "programu ya mafaili imegoma". Haikugoma. Ilikuwa inachora mti wa folda, yaani ile orodha ya folda zenye folda nyingine ndani yake.

Aliyeiandika ni kijana mwerevu, nampenda. Nikampigia.

"Dogo, hii kitu ikifunguliwa inafanya nini?"

"Kaka, inaanzia kwenye mzizi wa diski, inaingia kila folda mpaka mwisho, ndiyo inaonyesha. Mistari kumi na miwili tu! Kwangu inafunguka fasta."

Kwako, sawa. Kwako kuna SSD mpya, diski ya kasi isiyozunguka, na folda za miradi miwili. Huku kuna diski ya kuzunguka, RAM ya GB 4, na nyaraka zilizoskaniwa miaka na miaka bila mtu kufuta hata moja.

Hivi kioo hiki kinaonyesha folda ngapi kwa mara moja? Thelathini, tena ukibana. Tumesoma maelfu ili mtu aone thelathini, na katika hizo anaitaka moja.

Nenda masijala. Mzee wa masijala hafungui makabati yote asubuhi eti ukija umkute yuko tayari. Anakunywa chai yake. Ukimtajia jalada anainuka, anavuta droo moja, anakupa. Basi! Tawi lisomwe pale mtu anapolifungua, na wasomwe watoto wake tu, folda zilizo ndani yake moja kwa moja. Wajukuu waache walale.

Wala sijagundua kitu hapa. Windows 95 ilikubali kuishi kwenye RAM ya MB 4, na Explorer, programu yake ya mafaili, ilikuwa na mti wa folda upande wa kushoto. Ingebeba wapi diski nzima? Ilikuwekea alama ya kujumlisha, ukibonyeza ndipo inakwenda kusoma. Kuna wakati ulibonyeza alama ikatoweka, kumbe ndani hamna folda. Nani alilalamika? Leo tuna RAM mara elfu ya ile, halafu tunamkalisha mtu anatazama duara linazunguka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mshale (ndio ile alama ya kujumlisha ya leo) usiofungua chochote unakera. Haya, chungulia ngazi moja mbele, kwa zile folda zinazoonekana tu. Na kama mti wako una matawi ishirini yasiyobadilika, soma yote, sitakuja kukukamata.

Ila ile mistari kumi na miwili ilikuwa na balaa jingine. Tangu Windows Vista, ndani ya AppData\Local, folda ambamo programu huweka vitu vyao, kumefichwa kitu kinaitwa Application Data. Kwa sura ni folda, kwa kweli ni njia inayokurudisha Local ile ile. Microsoft wenyewe wakaweka zuio: ukitaka kuorodhesha kilichomo unaambiwa huna ruhusa. Toleo la kwanza la dogo lilikuwa linafia hapo. Dawa yake? Akayameza makosa yote kimya kimya. Sasa folda yoyote ambayo mtu hana ruhusa nayo inaonekana tupu, na dada wa mapokezi alishaamini nyaraka za watu zimefutwa mikononi mwake. Nilimkuta macho mekundu. Andika "huna ruhusa", jamani, ni maneno mawili! Na kwenye Linux usijidanganye: kiungo (symlink, njia ya mkato inayojifanya folda) kikielekea kwa mzazi wake nawe ukakifuata, utazunguka mpaka mfumo ukukatalie ukishapita viungo 40. Ukikuta kiungo, kionyeshe, usikifuate.

Mengine sina nguvu ya kuyagombea. Kazi ya kusoma diski ifanyike pembeni, dirisha lisigande. Mshale wa kulia wa kibodi ufungue tawi, wa kushoto ulifunge. Na Jalada 10 lisikae juu ya Jalada 2, maana hakuna binadamu anayehesabu hivyo.

Dogo kanitumia toleo jipya jana usiku. Linafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya, na folda iliyofungwa inasema imefungwa. Nikashuka chini taratibu, roho kwatu, mpaka kwenye majalada.

La 10 liko pale pale, juu ya la 2.