Barua ya pensheni ambayo baba hakuwahi kuipata

Kila mwaka mfuko wa pensheni wa kazini kwangu hapa Frankfurt hunitumia barua: nimechangia kiasi gani, mwajiri kaweka ngapi, nikistaafu nitarajie nini. Sijawahi kuiomba. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2016 inaulazimisha mfuko kumpa mwanachama taarifa hiyo angalau mara moja kwa mwaka.

Baba yangu alifanya kazi Tanga miaka 31. Alipokwenda kudai mafao alibeba bahasha ya kaki iliyojaa hati za mishahara, wino umefifia, kwa sababu kuna miezi mwajiri alimkata mchango na hakuupeleka. Njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi. Mwaka ukakatika.

Ndiyo maana safari ya kazi ya Gabriel Bernardino, Mreno, inanigusa. Aliingia mamlaka ya bima ya nchi yake mwaka 1989 akapanda ngazi humo humo. EIOPA, mamlaka ya Ulaya ya bima na pensheni, ilipoanza hapa Frankfurt mwaka 2011, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza, akakaa miaka 10. Wakati wake, mwaka 2016, zikaanza kutumika kanuni za Solvency II: kampuni ya bima iwe na mtaji wa kuhimili pigo linalotarajiwa mara moja katika miaka 200. Aliyemrithi, Petra Hielkema, naye alitoka kwenye usimamizi wa bima katika benki kuu ya Uholanzi. Hawa kazi yao ya maisha ni kulinda akiba za watu wengine.

Sisi Tanzania tulikuwa na SSRA, mamlaka ya kusimamia mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na baadaye SSRA ikafutwa. Kuunganisha naafiki. Kumwondoa msimamizi siafiki mpaka leo, maana Serikali ndiyo mwajiri. Ikichelewesha michango, nani ataikemea? Mwaka huohuo wa 2018 likazuka sakata la kikokotoo, hesabu iliyompa mstaafu asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, hadi Rais Magufuli akakisitisha Desemba. Mwalimu aliyebakiza miezi mitatu alikuwa anasubiri redio imwambie hesabu ya uzee wake!

Msimamizi huru arudi, apewe meno, na taarifa ya kila mwaka iwe lazima, hata kwa meseji ya simu, ikitaja mwezi ambao mwajiri hakupeleka mchango. Baba angeliona lile pengo akiwa bado kazini, ana nguvu za kulidai.