Usiniambie Kadi Yako ni ya GB Ngapi

Shosho alikuwa ameshateremka garini. Wajukuu wawili walimshika mikono, mmoja huku mwingine kule, na leso mpya ilikuwa begani mwake. Mbele yao lango lilikuwa limefungwa, na akina mama waliimba kutoka ndani wakiwataka wageni waseme wametoka wapi na wamefuata nini. Ilikuwa harusi ya Limuru, asubuhi, ukungu umetoka tu kuondoka juu ya majani chai. Droni yangu ilikuwa juu ya ua, mita kama ishirini, inaona pande zote mbili za lango: waimbaji ndani, wageni nje, shosho katikati akitembea taratibu. Picha kama hiyo huipati kwa kamera ya mkononi hata ukipanda ngazi.

Mara skrini ya rimoti ikanionya kwamba kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya droni inaandika polepole, na rekodi ikakatika. Nikabonyeza tena. Sekunde saba, ikakatika. Niliporudia mara ya tatu lango lilikuwa wazi, vigelegele vimepanda, shosho hata haonekani tena kati ya watu. Nisingeweza kuwaomba wafunge lango upya na kumrudisha mama yule garini. Bwana harusi aliponiuliza jioni kuhusu ile picha ya nyanya yake, nilimweleza ukweli, na uso wake ulivyobadilika naukumbuka hadi leo.

Kadi ile haikuwa feki. Ilikuwa halisi, GB 128, na nilikuwa nimeitoa kwenye simu yangu wiki hiyo hiyo kwa kuwa niliona ina nafasi kubwa. Nafasi ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni kasi. Ndiyo maana kijana anayeanza kazi hii hapa Nairobi akiniuliza anunue kadi ya GB ngapi, namwambia swali hilo aliweke mwisho. La kwanza ni hili: kadi yako imeahidi kuandika kwa kasi gani hata ikizidiwa?

Chukua DJI Mini 2, droni ambayo wapigapicha wengi wa harusi walianzia. Video yake ya 4K huandikwa kwa megabiti 100 kila sekunde. Hizo ni biti, wala si baiti, na baiti moja ni biti nane. Ukigawanya kwa nane unapata megabaiti 12.5 kila sekunde, mfululizo, tangu unapobonyeza rekodi hadi unapoisimamisha. Sasa kadi yangu ilikuwa na alama mbili, C10 na U1, na zote mbili maana yake ni moja: kadi haitashuka chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. Droni inamimina 12.5, kadi imeahidi kupokea 10. Nilipoijaribu nyumbani kwa dakika mbili ilikubali, kwa sababu kadi nyingi huandika kwa kasi kuliko ahadi yake zinapokuwa hazijabanwa. Lakini kazi haifanywi kwa bahati ya kadi kuwa na siku nzuri. Ahadi yake ya chini kabisa ndiyo unayotakiwa kuipigia hesabu.

Toa kadi yako sasa hivi uiweke chini ya taa. Utaona maandishi madogo sana, na kama macho yako ni kama yangu utaipiga picha kwa simu halafu uikuze. Tafuta herufi U yenye tarakimu ndani yake. Ikiwa ni 1, ahadi ni megabaiti 10. Ikiwa ni 3, ahadi ni megabaiti 30. Kando yake huenda kuna V ikifuatwa na namba, na hapo mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu namba yenyewe ndiyo kasi: V30 ni megabaiti 30 kwa sekunde za kuandika, bila kushuka. Droni mpya zaidi kama Mini 3 Pro na Mini 4 Pro hufika megabiti 150, yaani karibu megabaiti 19. V30 inabeba hizo na nafasi inabaki. Kwa hiyo kwa droni hizi ndogo tunazorusha kwenye harusi, mahari, mazishi na mashamba yanayouzwa, tafuta V30. Usishuke chini yake.

Usipande juu bila sababu pia. Kuna mtu atakuuzia V90 kwa bei ya kutisha akikuambia ndiyo kali zaidi. Kadi za namna hiyo kwa kawaida huwa na safu ya pili ya pini mgongoni, ambayo ndiyo inayozipa mbio zake, na tundu la droni hizi halina kitu cha kukutana na pini hizo. Utakuwa umelipia barabara ambayo gari lako halipiti.

Kuna namba moja inayoniudhi kweli, ile kubwa iliyoandikwa mbele ya pakiti. 170. 200. Muuzaji huigonga kwa kidole: "Mkubwa, hii inakimbia mia mbili!" Inakimbia, ndiyo, lakini ni kwa kusoma, yaani kuhamisha faili kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Tena njia ya kupitisha data iitwayo UHS-I, ambayo kadi hizi hutumia, ina kikomo rasmi cha megabaiti 104 kwa sekunde, na kinachozidi hapo hukipati mpaka uwe na kisoma kadi maalumu kinachoelewana na kadi hiyo. Droni ikiwa hewani haisomi, inaandika. Naona ni makosa makubwa watengenezaji kuichapa namba hiyo kwa herufi za kuonekana upande wa pili wa barabara, huku V30, ambayo ndiyo ahadi inayomhusu mpigapicha, ikifichwa pembeni kama aibu. Alama za A1 na A2 nazo zinahusu simu inayoendesha programu zake kutoka kwenye kadi. Kwa video hazikuongezei kitu, ila hazidhuru.

Baada ya kasi ndipo tuje kwenye ukubwa. Kitabu cha maelekezo cha kila droni kina mahali panaposema kadi kubwa kabisa inayokubalika ni ipi. Mini 2 inakubali hadi GB 256, Mini 3 Pro hadi 512. Mara nyingi pia kuna orodha ya kadi ambazo mtengenezaji amezijaribu mwenyewe, kwa jina na kwa ukubwa. Nisikilizeni kwenye hili: orodha hiyo si matangazo ya biashara. Nenda nayo dukani kwenye simu. Kadi isiyokuwemo inaweza kufanya kazi vizuri sana, lakini iliyomo imekupunguzia wasiwasi kabla hujafungua pochi.

Mimi nimeamua GB 64, na ninazo kadhaa. Wenzangu hunibishia. Wanasema mtu mzima anabadilisha kadi kila saa kama nini, si anunue moja ya 256 amalize? Hesabu yangu ni hii. Kwa megabiti 100, GB 64 inabeba takriban saa moja na dakika ishirini. Betri ya Mini 2, kwa hesabu ya mtengenezaji, ni dakika 31, na kwa upepo wa Ngong hutafika huko. Kadi moja basi inamaliza betri mbili na kubaki. Hata kwa megabiti 150, betri ya kawaida ya Mini 4 Pro, dakika 34, haiijazi. Sasa fikiria droni imenasa juu ya mti, au imezama bwawani. Ikiwa siku nzima iko kwenye kadi moja, umepoteza droni na umepoteza harusi ya watu. Ikiwa ulibadilisha kadi ulipobadilisha betri, maapisho na keki viko salama mfukoni mwako. Nakubali kadi hizi ni ndogo kama ukucha na zikianguka kwenye nyasi umekwisha. Mimi huzibadilisha nikiwa nimekaa ndani ya gari.

Tena hapa kwetu kurudi kurusha upya si jambo la kuamka tu na kwenda. Tangu kanuni za 2020, droni iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na mbuga za wanyama zina masharti yake. Ukishahangaika na vibali, halafu picha ikapotea kwa sababu ya kadi, hasara yake haipimwi kwa bei ya kadi.

Sasa feki. Mwaka mmoja nilinunua kadi mbili katikati ya jiji kwa nusu ya bei niliyoizoea. Pakiti nzuri, nembo nzuri, 256 imeandikwa, na kompyuta ilipozifungua ilisema 256. Nilikuwa na kazi kesho yake, lakini kuna kitu moyoni kilinikataza. Nikaziendesha kwenye H2testw, programu ya bure ya Windows inayojaza kadi yote kwa data halafu inaisoma tena kuona kama ilichoandika ndicho kilichomo. Kwenye Mac na Linux kuna F3 inayofanya hivyo hivyo. Kadi ya kwanza ilikuwa na takriban GB 30 za kweli. Zilizobaki zilikuwa maneno matupu.

Ujanja wake uko hivi. Ndani ya kadi kuna chipu ndogo ya kuongoza, na matapeli huipanga upya iseme ukubwa wa uongo. Ukiuliza kadi ina nafasi gani, inajibu 256. Ukiandika kupita uwezo wake wa kweli, haikatai: inapokea, kisha ama inatupa ama inaandika juu ya vile ulivyorekodi mwanzo. Majina ya faili yote unayaona, tarehe zipo, ukubwa upo. Ukifungua, hakuna kitu. Na hutajua siku unayonunua. Utajua siku kadi itakapojaa, na kadi hujaa siku ya kazi kubwa.

Sisemi watu waiogope Luthuli, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki hapa Nairobi. Kadi zangu tatu nzuri kabisa zimetoka huko, kwa kaka mmoja ambaye hanuni ukimwambia, "Kaka, nikiipima ikikataa narudi nayo." Jibu lake kwa sentensi hiyo linakuambia mengi kuliko nembo ya pakiti. Chukua risiti, nenda nyumbani, endesha jaribio usiku huo huo. Kadi nzuri ya GB 64 haimalizi hata saa moja. Programu pia itakuonyesha kasi ya kuandika. Ukiona iko chini ya 30 kwenye kadi iliyoandikwa V30, na kisoma kadi chako ni kizima, irudishe.

Ikishafaulu, ifomati, yaani uifute na kuiandaa upya, ndani ya droni yenyewe, usiifomati kwenye kompyuta. Usiitoe kabla droni haijazimwa, na simamisha rekodi kabla hujazima droni, la sivyo faili ya mwisho inaweza isifunguke.

Kadi zangu nimeziandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Ambazo hazijatumika nazipanga kwenye kikasha zikitazama juu, zilizojaa zinatazama chini. Jioni nikirudi mjini droni, betri na rimoti huwa kwenye begi mgongoni. Kikasha huwa kwenye mfuko wa shati, ule wenye kifungo, na kifungo nimekifunga.