Ndevu za Mjomba na Mafuta ya Nguruwe

Mjomba wangu ni mtu wa kujipenda. Ndevu zake, ambazo ni nyeusi kuliko umri wake unavyoruhusu, huzichana na kuzipaka krimu kwa uangalifu wa mtu anayehesabu fedha za watu. Alikuwa mgeni wangu jioni ile nilipoamua kuyeyusha mafuta ya nguruwe ya kukandia unga wa pai.

Nilichagua mafuta yanayozunguka figo, kwa kuwa ni meupe na hayana harufu kali kama yale ya mgongoni. Niliyakatakata vipande vidogo, nikayabandika kwenye moto mdogo pamoja na maji kidogo, ambayo kazi yake ni kuzuia vipande visiungue kabla havijaanza kutoa mafuta. Maji yakiisha, kelele za sufuria hupungua, vipande husinyaa na kuwa vya hudhurungi, na hapo mpishi hutakiwa aepue, maana akichelewa, mafuta huingia rangi na harufu ya kuungua. Sikuchelewa. Niliyachuja kwa kitambaa na kuyamimina kwenye chupa yenye mdomo mpana, na hadi usiku wa manane yalikuwa yameganda, meupe pe, karibu hayana harufu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye nililaumiwa, ilhali hatia yangu pekee ilikuwa ufundi: laiti ningeyaunguza kidogo, mjomba angemnusa nguruwe.

Asubuhi alikuwa na miadi ya kupigwa picha ya kitambulisho. Krimu yake ilikuwa imekwisha, naye, bila kumwuliza mtu, akachota ile aliyoiona juu ya meza ya jikoni. Mafuta ya nguruwe huyeyuka kati ya nyuzi 30 na 45 za Selsiasi hivi, kutegemea sehemu ya mwili yalikotoka, kwa hiyo viganjani mwake yalilainika mara moja na ndevu zikang'aa. Aliondoka akiimba.

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Uso wa binadamu una joto lake, lakini ncha za ndevu hazina, na alipofika kwenye foleni mafuta yalikuwa yameganda upya katika kila unywele. Wahudumu, kwa adabu zote, walimshika mkono na kumpitisha mbele pamoja na wazee, heshima aliyoipokea kwa furaha akidhani kuwa sifa zake zimemtangulia. Akapigwa picha akiwa na ndevu za babu yake. Aliyemfumbua macho ni mbwa wa jirani, aliyemrukia langoni na kumlamba kidevu kwa bidii isiyo ya kawaida.

Alijiosha kwa maji baridi, mafuta yakazidi kuwa magumu. Nilimpa maji ya moto na sabuni, kisha nikamweleza, kwa nia njema kabisa, kwamba hata sabuni huweza kutengenezwa kwa mafuta hayohayo yakichanganywa na magadi makali. Aliinusa ile sabuni kwa muda mrefu kabla ya kuendelea.

Pai niliioka jioni ileile kwa mafuta ya chini ya chupa, ambako vidole vyake havikufika, nayo ikachambuka tabaka kwa tabaka. Mjomba alikula kuliko sote, akasema kwamba siagi ya namna hii ndiyo niliyopaswa kuitumia tangu mwanzo, badala ya kumsumbua na manguruwe yangu.