Dua tutaomba, lakini hesabu kwanza

Ijumaa iliyopita msikitini, kabla khatibu hajapanda mimbari kutoa hotuba, mgombea mmoja aliitwa mbele akapewa kipaza sauti. Akatusalimia, akasema yeye ni mwenzetu, akaahidi mazulia mapya, akaomba dua. Takbira zikarindima. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza fedha za umma alizokabidhiwa muhula uliopita zimefanya nini. Nilitoka pale roho inaniuma, na bado inaniuma.

Sisemi siasa isiingie msikitini. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 aliandikiana mkataba na watu wa mji ule, Mayahudi wakiwemo, kuhusu ulinzi, damu na haki. Hiyo ni siasa. Kinachonichoma ni kwamba tunamfungulia mwanasiasa mlango, kisha tunaona haya kumuuliza.

Mimbari ile ile ina historia tunayoisikia darsani na kuiacha hapo hapo. Mtume alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akauliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo itamfuata? Kisha akaapa kwamba atakayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, akiwa ngamia analia, akiwa ng'ombe analia, akiwa kondoo analia. Akainua mikono juu: Ewe Mola, je, nimefikisha? Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa Hadithi za Mtume, wote wameipokea.

Tazama alivyofanya. Hakumvuta mtu pembeni wakayamaliza kimya kimya. Mali ilikuwa ya watu, basi na watu wakasikia. Wala hakumtaja jina pale juu, maana nia ilikuwa kuilinda amana, si kumdhalilisha mja. Leo mimbari hiyo hiyo tunaipisha ahadi ya mazulia, na yule anayetaka kuuliza anaambiwa ataleta fitina. Kuulizia amana kumekuwa fitina tangu lini?

Halafu hili la “ni mwenzetu”. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kama mzazi hakusazwa, kuswali safu moja nami kutamwokoaje mgombea? Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba pale Waislamu walipowekwa kando muda mrefu, kumwona mmoja wetu amepanda kunafariji. Nakubali pia kwamba kamati zina madeni na bili za maji. Lakini faraja hiyo haimjazii dawa mgonjwa hospitalini, na mgonjwa huyo huenda ni Mkristo, huenda hana dini, na haki yake iko shingoni mwetu vile vile.

Wanaosema kura ni haramu sina la kuwajibu zaidi ya hili: wanaoamua bei ya maisha yenu hawajawasubiri.

Kuna Hadithi ya jahazi, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua. Walio chini wanataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua walio juu. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Aliyenyamaza hakuwekewa boti yake pembeni. Sisi tuliopiga takbira Ijumaa ile tulikuwa mle jahazini, mimi nikiwemo, na jirani zetu wa kanisani wako nasi humo humo.

Ndiyo maana nataka kuona tukikaa nao tuuliziane hesabu pamoja. Kabla ya utume, Muhammad (s.a.w.) alishiriki mkataba wa Hilful Fudhul, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, watu wa Makka walipoapa kumsimamia mfanyabiashara mgeni aliyedhulumiwa. Baadaye, akiwa Mtume, alisema angeitwa tena kwenye mkataba kama ule angeitikia.

Kwa masheikh na kamati zetu, ombi langu ni hili: mgombea akija, wa dini yoyote, mwacheni asalimie, kisha kipaza sauti kipite kwa waumini, wanawake wa nyuma ya pazia wakiwa wa kwanza. Aulizwe alichopewa, alichofanya nacho, na kilichobaki kiko wapi. Akimaliza kujibu, tutamwombea dua.