Mandhari nyepesi si ya kimaskini

Anayefungua blogu ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, siku hizi, ushauri wa kwanza anaopewa ni wa macho. Atafute mandhari kali, yaani vazi la tovuti (theme), aweke slaida ya picha zinazopishana juu, arundike plagini kumi za kuanzia, yaani programu ndogo za kuongezea tovuti uwezo, kisha ndipo aandike. Akijibu kwamba atabaki na mandhari iliyokuja na WordPress yenyewe, anachekwa. Kurasa nyeupe, herufi nyeusi, picha moja: hiyo si blogu, wanasema, hiyo ni rasimu. Natengenezea watu tovuti, na wateja wengi hunijia na msimamo huo tayari kichwani. Una hoja nyuma yake na nitazieleza. Ila upande wa pili umenyimwa haki muda mrefu mno, na leo nitausikiliza zaidi.

Wanaopenda mandhari nzito si washamba. Mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo hauzi maneno, anauza vyumba na bahari, na mgeni wa Ulaya anataka avione kabla hajatuma fedha. Fundi akimpelekea ukurasa mweupe, salio lake halilipwi. Isitoshe, vijenzi vya kurasa kama Elementor vimempa mtu asiyejua hata mstari mmoja wa PHP, lugha iliyoandikia WordPress, uwezo wa kuburuta picha hapa, kitufe pale, akapata tovuti wiki hiyohiyo. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya mtaalamu, na bei yake ilikuwa ya mtaalamu. Halafu kuna mambo ambayo WordPress tupu haiyafanyi kabisa. Mwandishi anayetaka wasomaji walipie kijitabu chake kwa M-Pesa anahitaji plagini ya duka kama WooCommerce, na nyingine ya kuliunganisha duka hilo na kampuni ya malipo. Pesapal ya Kenya, kwa mfano, inayo ya kwake. Ukimwambia huyo apunguze plagini, umemwambia afunge biashara.

Wanaongeza kwamba mandhari za mwanzo hufanana. WordPress imetoa moja karibu kila mwaka tangu Twenty Ten ya 2010, na ukiitumia kama ilivyo utakutana na pacha wako kila kona. Kwa jina la biashara hilo ni tatizo la kweli. Kwa blogu ya makala, silioni. Michuzi Blog ya Issa Michuzi, iliyoanza 2005, ilikuwa juu ya Blogger tu, huduma ya bure ya Google, na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni waliifungua kila siku kwa sababu picha ya tukio la jana ilikuwa hapo asubuhi. Sijawahi kumsikia mtu akisifia mandhari yake.

Kinachonikosesha raha hasa ni uzito. HTTP Archive, mradi unaopima kurasa za mamilioni ya tovuti, ulikuta kwamba mwaka 2015 ukurasa wa mbele ulio katikati ya orodha, kwa upande wa simu, ulikuwa na takriban kilobaiti 845. Kufika 2025 ulikuwa umepita 2,300. Miaka kumi, karibu mara tatu. Huo ni wa katikati. Nusu ya kurasa zilizopimwa ni nzito kuliko huo.

Sasa chukua makala ya maneno elfu moja ya Kiswahili. Maandishi yake matupu hayafiki mbali na kilobaiti saba. Maana yake, kwenye ukurasa wa uzito huo wa katikati, kile ambacho msomaji amekijia ni chini ya sehemu moja katika mia tatu za kile alichokilipia. Zilizobaki ni nini? Kuna picha, nazo nitazirudia. Kuna fonti nne, mbili kati yake hazionekani popote kwenye ukurasa. Kuna faili nzima la aikoni mamia, lililoitwa ili kuonyesha alama tatu za mitandao ya kijamii. Kuna msimbo wa slaida uliopakiwa kwenye makala isiyo na slaida. Kuna vipande vya kijenzi cha kurasa vinavyosubiri kazi ambayo haipo. Yote haya yanashuka kwa bando la mtu aliyenunua MB za siku moja.

Wenye mandhari nzito wana jibu, na si jibu baya. Kivinjari huhifadhi fonti na faili za mtindo, kwa hiyo ukurasa wa pili na wa tatu ni rahisi. Sawa, kwa msomaji anayebaki. Lakini msomaji wa blogu ya kwetu hutumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, anasoma makala moja, anarudi kundini. Ukurasa wa kwanza ndio wa mwisho. Na kuna jambo ambalo nadra sana kulisikia likitajwa: wengi hujiunga na vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee, kwa kuwa ni nafuu. Ndani ya WhatsApp wanatembea bila wasiwasi. Wakigusa kiungo cha blogu wametoka nje ya kifurushi, na kila kilobaiti inakatwa kwenye bando la kawaida, kama lipo. Yule aliyebakiwa na MB 20 hatakuandikia kulalamika. Atafunga tu, na wewe utadhani kichwa cha habari hakikuvutia.

Hapa lazima niwape wapinzani wangu alama moja, tena kubwa. Mara nyingi mzigo mkuu si mandhari wala plagini, ni picha. Simu ya leo hupiga picha ya megabaiti tatu, nne, na mwandishi huipandisha ilivyo. WordPress imejitahidi: tangu toleo la 5.3 la Novemba 2019 hupunguza picha kubwa hadi pikseli 2,560, na tangu 5.8 la Julai 2021 inapokea picha za WebP, ambazo ni nyepesi. Bado, mtu anaweza kuwa na mandhari nyepesi kuliko zote akaijaza picha kumi na tano za harusi zisizopunguzwa. Anayelaumu mandhari kabla ya kukagua picha zake hajafanya kazi yake. Hata hivyo picha moja nzito inarekebishika dakika hiyohiyo. Mandhari nzito unaishi nayo miaka.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna sababu nyingine za kuchagua kwa akili, na hizi katika mafunzo ya YouTube hazimo, kwa sababu wanaoyatoa hawaandiki Kiswahili. Lugha yetu inaandikwa kwa herufi za Kilatini za kawaida, bila vidoto wala mikia. Kila simu, hata ya bei ya chini kabisa, tayari ina fonti inayoandika Kiswahili vizuri. Kumlipisha msomaji fonti ya kushusha kutoka mtandaoni ili asome neno "mchana" ni anasa isiyo na maelezo.

Menyu nayo. Mandhari nyingi zimechorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Weka "Wasiliana Nasi", "Burudani na Michezo", "Habari za Mikoani", uone menyu ikikatika mistari miwili na kuiangukia nembo. Onyesho la muuzaji halikuonyeshi hilo, maana limejazwa picha za studio na maneno yaliyopimwa. Ni kama gauni lililovalishwa sanamu dukani. Kabla ya kuamua, jaza mandhari kwa vichwa vyako halisi na picha zako za simu, kisha iangalie kwenye simu, si kwenye kompyuta.

Halafu kuna blogu za Kiswahili zenye makala nzuri, na chini ya kila makala pameandikwa "Leave a Reply", na tarehe juu inasema "March 14". Hiyo ni mandhari ambayo maneno yake hayajatafsiriwa, au lugha ya tovuti haikubadilishwa kwenye mipangilio. Mandhari iliyoandikwa vizuri huruhusu kila neno lake litafsiriwe. Plagini ya Loco Translate itakupa orodha ya maneno hayo, uandike "Toa maoni" na "Soma zaidi" mwenyewe. Hii naitetea bila kusita, kwa sababu kazi yake inaishia kwenye seva na bando la msomaji haiguswi.

Ndiyo maana sikubaliani hata na wenzangu wa upande wa wepesi wanapohesabu plagini kwa idadi, eti zisizidi tano, zisizidi kumi. Idadi haina maana kubwa. UpdraftPlus inatengeneza nakala rudufu usiku na msomaji hajui kama ipo. Akismet inachuja maoni ya matapeli hukohuko nyuma. Contact Form 7, inayotumika kwenye mamilioni ya tovuti, kwa kawaida hupakia faili zake kwenye kila ukurasa, hata usio na fomu, ingawa si nzito sana. Kijenzi kimoja cha kurasa kinaweza kuzizidi zote tatu kwa mbali. La kuuliza kuhusu plagini ni linalohusu msomaji: inamshushia nini?

Na la pili: nani anaitunza? Mwaka 2017, Display Widgets, plagini ndogo iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa kwa mmiliki mpya, naye akaingiza humo msimbo wa kuchapisha matangazo ya kitapeli kwenye tovuti za watu. Iliondolewa kwenye hifadhi rasmi ya WordPress, ikarudi, ikaondolewa tena, zaidi ya mara mbili, kabla ya kufungwa kabisa. Kwa hiyo kusema "mimi nachukua za hifadhi rasmi tu" hakutoshi. Novemba 2024 tundu liligunduliwa kwenye Really Simple Security, plagini ya usalama yenyewe, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni nne. Palipowashwa uthibitishaji wa hatua mbili, mvamizi aliweza kuingia kama msimamizi bila nywila. WordPress ililazimisha sasisho. Aliyewasha kinga zaidi ndiye aliyekuwa wazi zaidi. Nacheka kila nikikumbuka, ingawa wenye tovuti hizo hawakucheka.

Linalobaki ndilo linalosemwa kwa minong'ono: mandhari zilizochakachuliwa, yaani za kulipia zinazogawiwa bure bila mwenyewe. Mandhari ya kulipia ni kama dola 60, na plagini nyingi za kulipia hudai kiasi kama hicho kila mwaka. Kwa mwanafunzi wa Dodoma anayeanza blogu ya kilimo hizo si fedha za kuchezea, na hata akiwa nazo anahitaji kadi inayokubali malipo ya dola. Anayemtumia faili la zip kwenye Telegram anamwona mkombozi. Wanaotetea mtindo huu wana hoja ya kisheria ambayo wengi hawaijui: WordPress iko chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu mtu kunakili na kusambaza upya, na mandhari nyingi zinafuata leseni hiyo walau kwa sehemu ya PHP, kwa hiyo kuisambaza upya sehemu hiyo si lazima iwe wizi. Nakubali. Swali langu ni nini kimeongezwa njiani.

WP-VCD, kirusi ambacho kampuni ya usalama Wordfence ilikichambua katika ripoti ya Novemba 2019, kilienezwa hasa kupitia mandhari na plagini za namna hiyo. Ukifungua folda ya mandhari iliyoambukizwa utakuta faili linaitwa class.theme-modules.php. Jina limetulia, hakuna wa kulishuku. Ukiiwasha mandhari, faili hilo linatengeneza jingine, wp-vcd.php, ndani ya folda ya wp-includes, linajipenyeza kwenye functions.php, faili la maagizo, la mandhari nyingine zote zilizopo, na likiweza linahamia tovuti nyingine kwenye akaunti hiyohiyo ya seva. Fundi anayehifadhi wateja wanane kwenye akaunti moja amewaambukiza wote kwa kumsaidia mmoja.

Anayepakua kwa mtengenezaji mwenyewe naye asijione amevuka salama. Watafiti wa Jetpack, plagini ya usalama na mengineyo, waligundua Septemba 2021 kwamba tovuti ya AccessPress Themes, kampuni ya Nepal, ilikuwa imevamiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mvamizi kuingilia, kuwekwa kwenye mandhari 40 na plagini 53. Waliopakua kwenye tovuti ya kampuni hiyo ndio walioathirika. Nakala za kampuni hiyo zilizokuwa kwenye hifadhi ya WordPress.org zilionekana safi nyingi. Kwa mwenye fedha kidogo, basi, njia ya bure ya hifadhi rasmi mara nyingi ina ulinzi zaidi kuliko ya tovuti ya muuzaji, na kuliko ya kuchakachua bila ubishi.

Kuachana na vitu vizito nako kuna bei yake. Mwenye blogu aliyejenga makala zake kwa WPBakery, kijenzi kingine cha kurasa, siku akizima plagini hiyo, atakuta kila makala imeanza na [vc_row][vc_column][vc_column_text], na mabano hayohayo yamezagaa hadi mwisho. Makala mia nne za hivyo husafishwa moja moja, au analipwa mtu. Aliyeandika kwa kihariri cha kawaida anabadilisha mandhari Jumamosi, na Jumapili anaandika.

Kwa mwenye nyumba ya wageni wa Bagamoyo nitaendelea kuweka slaida, maana ndiyo biashara yake. Anayeandika makala ningemwanzishia Twenty Twenty-Five, plagini ya nakala rudufu, ya kuchuja maoni, na Loco Translate, aongeze nyingine siku atakapokwama bila hiyo. Na sisi mafundi tungeanza kuandika kwenye risiti kila tulichoweka: jina la mandhari, imetoka wapi, leseni imesajiliwa kwa jina la nani, inaisha lini. Mteja anayegundua mwaka wa pili kwamba mandhari yake haiwezi kusasishwa kwa sababu leseni ilikuwa ya fundi aliyehamia Mwanza ana haki ya kuuliza alilipia nini.